Babu wa Chini

Dalali alimwomba mzee atoke nyumbani kwake kuanzia saa nne mpaka saa sita, na alimwomba kwa adabu zote, mikono kaifumbata mbele kama mtu aliyekuja kutoa pole.

"Si kwa ubaya, mzee wangu," alisema. "Ila mnunuzi akiingia akamkuta mwenye nyumba amekaa kwenye kochi, anaona haya. Hafungui makabati. Hagongigongi ukuta. Anajiona kama amekuja kununua nyumba ya mtu."

"Kwani anakuja kununua nini?"

"Hiyohiyo, mzee wangu. Lakini asijione hivyo."

Mzee alichukua kofia yake akatoka. Mtaani walimwita Mzee Waya, kwa kuwa alikuwa fundi umeme kwa miaka thelathini na sita, na pande zile zilikuwa chache nyumba ambazo hakuwahi kutambaa kwenye dari zake. Hii yake aliitandaza nyaya mwenyewe, chini na juu: familia moja chini, familia moja juu, geti moja, ngazi pembeni. Sasa getini palining'inizwa bango: NYUMBA YA FAMILIA MBILI INAUZWA. IMEKARABATIWA YOTE. MTAA MCHANGAMFU, WATU WA KILA LUGHA. Maneno ya mwisho aliyaongeza dalali, ambaye aliamini hata uchangamfu wa majirani una bei yake.

Alivuka barabara akaenda kukaa kwa kinyozi.

"Leo tena wamekufukuza?" kinyozi alimuuliza, mashine ikinguruma kichwani mwa mteja.

"Sijafukuzwa. Nimepisha."

"Aha. Umepisha." Kinyozi alicheka, na mteja naye akacheka kwa tahadhari, asije akakatwa sikio.

Kupitia kioo mzee aliitazama nyumba yake. Ilikuwa na rangi mpya, madirisha mapana, taa mbili za ukutani ambazo yeye asingezichagua. Aliona watu wakiingia na kutoka. Mmoja alipanda mpaka roshani ya juu, akasimama mahali ambapo mke wa Mwokaji, mpangaji wake wa zamani, alikuwa akianika nguo za watoto, akapima kwa mikono yake kama mahali pale patatosha meza.

"Imependeza," alisema kinyozi.

"Imependeza," alikubali mzee.

*

Kutoka hakukumpa shida sana. Shida ilikuwa kurudi.

Mafundi walikuwa wamefanya kazi nzuri, hilo alilikiri. Aliwakagua mpaka wakamchoka. Vigae vilikaa sawa, milango iliacha kulia, maji ya moto yalitoka chini na juu. Na kati ya dari ya chini na sakafu ya juu walijaza pamba nene ya kuzuia sauti, kwa kuwa dalali alisema siku hizi hakuna anayenunua nyumba ya kusikilizana.

Kwa miaka ishirini na miwili huko juu alikaa Mwokaji na familia yake. Yeye na mkewe walikuja wawili tu, wakapata watoto watatu. Nyumbani walizungumza lugha yao, na mzee, amelala chali chini yao, alijifunza kutofautisha sauti ya kugomba na sauti ya kubembeleza bila kujua maana ya neno hata moja. Alimjua Mwokaji anavyoshuka alfajiri kwenda zamu, kisigino cha kushoto kikikanyaga kwa nguvu kuliko cha kulia. Alijua kijiko kikianguka. Mke wa mzee alipougua ugonjwa uliomchukua, ni mke wa Mwokaji aliyekuwa akishuka na maji ya moto bila kuitwa, kwa kuwa naye kumbe alikuwa akiwasikia wao. Watoto walimwita Babu wa Chini. Yule wa mwisho, wa kike, kila akirudi shule aliinama kwenye ngazi akaita, "Babu wa Chini, upo?" Naye akajibu, "Nipo." Basi, mtoto akapanda zake. Hawakuwa na mazungumzo mengine zaidi ya hayo, na mzee hakuwahi kuona kwamba hayatoshi.

Sasa akikohoa, kikohozi kilizunguka chumbani kikamrudia mwenyewe.

Mambo yalianzia kwa binti yake, na binti yake hakuwa mtu mbaya. Alikaa mji mwingine, safari ya saa saba kwa gari, na alipiga simu kila siku.

"Ukianguka bafuni, Baba, nani atajua?"

"Watu wa juu."

"Watu wa juu ni wapangaji. Si ndugu zako. Njoo ukae na mimi, chumba kipo. Nyumba tuikarabati, tuiuze, wewe upumzike."

Alimbembeleza mwaka mzima. Mwisho mzee alisema sawa, na binti akakopa benki kwa ajili ya ukarabati, na kuanzia hapo nyumba haikuwa na budi kuuzwa. Kazi moja tu alimwachia baba yake. "Wapangaji waambie wewe mwenyewe. Umekaa nao. Wasije wakasikia kwa mtu. Wape miezi mitatu wajipange."

Mzee alipanda ngazi mara mbili kwenda kuwaambia. Mara ya kwanza alimkuta mke wa Mwokaji anamsuka mtoto. Akakaribishwa, akaletewa chai, akazungumzia mita ya umeme, akashuka. Mara ya pili alifika ngazi ya nne, akasikia wanacheka ndani, akarudi.

"Umewaambia?" binti aliuliza kwenye simu.

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamekubali."

Alisema hivyo ili apate siku mbili za kujikaza. Siku mbili zikawa wiki, wiki ikawa miezi mitatu. Kisha mtu wa dalali alileta karatasi juu: siku saba, mafundi wanaingia. Wakahama Jumamosi. Mzee siku hiyo alitoka mapema kwenda kununua balbu, akazunguka madukani mpaka jioni, akarudi na balbu moja.

*

Wiki moja baada ya siku ile aliyokaa kwa kinyozi, Jumatano, mvua ilinyesha, na kinyozi alichelewa kufungua. Mzee alikuwa amesimama chini ya kibanda cha getini, kola imepandishwa, gari lilipoegeshwa. Walishuka kijana wa miaka kama arobaini, mkewe, na mama mmoja mtu mzima aliyeshika mkoba wake kwa mikono miwili. Dalali hakuwa amefika.

"Habari, mzee," kijana alisema. "Wewe ndiye mlinzi?"

Mzee alitazama bango, akatazama viatu vyake vilivyolowa.

"Ndiyo," alisema.

"Una funguo? Tusimame mvuani kwa nini."

Aliwafungulia. Aliwaonyesha nyumba yake chumba kwa chumba, akitembea nyuma yao kama alivyoona walinzi wanavyotembea. Walifungua makabati. Walivuta maji chooni. Mke wa kijana alisimama mlangoni pa chumba alichofia mke wa mzee, akasema kabati la nguo lingekaa vizuri hapa, na mzee akasema ndiyo, lingekaa.

"Wenyewe walikuwa watu wa namna gani?" kijana aliuliza.

"Mtu mmoja tu. Mzee mmoja."

"Mkorofi?"

"Mwoga," alisema mzee. Kijana alicheka, akidhani ni mzaha.

Walikubaliana palepale, mbele yake, wakijadiliana kama vile chumbani hamna mtu. Wao watakaa juu. Mama atakaa chini. Mlango wa ngazi ya ndani, ule ambao mafundi walikuwa wameutoboa ukutani, utawekwa kitasa upande wa juu. "Si kwa ubaya," alisema mke wa kijana, "kila mtu apate nafasi yake." Mzee alikumbuka kwamba maneno hayo ya si kwa ubaya alishayasikia kwenye nyumba hiihii.

Walipopanda kutazama juu, yule mama alibaki. Alikaa kwenye ukingo wa dirisha, maana kochi na viti vilikuwa vimeshauzwa.

"Baba," alimwita mzee kwa sauti ya chini. "Hapa chini mtu anawasikia walio juu?"

"Zamani ndiyo. Siku hizi wameweka pamba."

"Hata wakitembea?"

"Hata wakitembea."

Mama aliinua macho darini. Juu mwanawe na mkwewe walikuwa wakitembea kutoka chumba hadi chumba, pengine wakigonga ukuta, pengine wakicheka, na chini hapakufika kitu.

"Wewe unalala humu? Peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi unajua ninachokuuliza," alisema, akaangalia mkoba wake.

Walipotoka, kijana alimpa noti moja, ameikunja mara mbili, "ya soda". Mzee aliipokea kwa mikono miwili, kama inavyopokelewa. Dalali akafika huku anahema, akamwona mzee na ile noti mkononi, akaelewa yote kwa mara moja, akageukia wateja wake.

*

Jioni hiyohiyo binti alipiga simu kwa furaha. Wale wa gari wamekubali bei. Ijumaa ya wiki ijayo watasaini kwa wakili, naye atakuja kumchukua baba yake jumla.

Mzee alikaa siku mbili na habari hiyo. Siku ya tatu alipekua barua zilizorundikana kwenye sanduku la getini, akapata moja ya shule, yenye jina la mtoto wa mwisho wa Mwokaji. Akaivuta mikunjo yake kama mtu anayepiga pasi, akavaa shati la kola, akaenda.

Kinyozi ndiye aliyemwelekeza. Walikuwa wamehamia nyuma ya gereji za malori, kwenye jengo refu la vyumba vilivyopangana, milango ikitazama korido ya saruji. Waya wa umeme ulipita juu ya milango ukiwa mtupu, umefungwafungwa kwa mpira. Aliuona kabla ya kumwona mtu.

Mke wa Mwokaji alifungua, mikono imejaa povu.

"Mzee Waya," alisema. Zamani alimwita Baba.

"Nimewaletea barua. Ya shule. Imekuja kule."

Alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea, akaisoma juu kwa juu. "Asante. Lakini tumeshamhamisha. Ile shule ni mbali kutoka huku."

"Ah. Hawajambo watoto?"

"Hawajambo."

"Na Mwokaji?"

"Anatembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Sisi tumehama, tanuri halikuhama."

Mzee aliangalia juu. "Hizo nyaya si salama. Naweza kuja siku moja nikazi—"

"Mzee Waya." Hakupaza sauti. "Siku ile karatasi ilipokuja, nilishuka nikagonga kwako."

"Labda nilikuwa nime—"

"Nilikusikia ukipunguza redio."

Jirani mmoja alipita na ndoo, akasalimia. Wote wawili wakaitikia salamu vizuri kabisa. Mpaka akapita.

"Siku ile sikuja kukugombeza," mke wa Mwokaji aliendelea. "Nilimwambia mume wangu, hii karatasi ni ya matapeli, ingekuwa kweli Baba angekuwa ameshatuambia. Yeye akasema ni ya kweli. Nikamwambia ngoja nikamuulize. Nikagonga, nikasimama pale na karatasi yangu. Nikagonga tena."

Mzee alivua kofia. Alichokuja kusema alikuwa nacho, amekipanga njia nzima, maneno manne au matano tu. Akafungua mdomo, likatoka lingine.

"Nilikuwa nimelala," alisema.

Mke wa Mwokaji aliikunja ile barua. "Sawa," alisema. Akarudisha mlango taratibu, bila kuubamiza, na mzee akasikia kitasa kikizungushwa.

*

Kwa wakili walikaa upande huu na upande ule wa meza ndefu. Kijana alipoingia na kumwona mzee aliyevaa koti, ameketi karibu na hati ya nyumba, alisimama na mkono ukiwa hewani. Mkewe aliinamia simu yake isiyoita.

"Samahani sana, mzee. Siku ile mimi nilidhani..."

"Hukukosea," alisema mzee. "Siku ile nilikuwa nalinda."

Watu walicheka, wakili akacheka kuliko wote, ili kazi iendelee. Mama hakuja, walisema anafungasha. Mzee alisaini ukurasa kwa ukurasa, pale alipoonyeshwa kwa kidole. Ilichukua dakika kumi na tano.

Nje, kwenye gari, binti yake hakuwasha injini. "Baba, ulijifanya mlinzi? Kwenye nyumba yako? Ukapokea na hela?"

"Waliniuliza. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo."

"Rahisi!" Alifuta macho kwa kiganja, akawasha gari. Masanduku mawili na redio yalikuwa kwenye kiti cha nyuma. Walipita mbele ya nyumba bila kusimama. Kinyozi alikuwa mlangoni, akainua mkono, mzee naye akainua.

Walipokaribia barabara kuu mzee alisema, "Kata kushoto."

"Barabara ni kulia, Baba. Tuna saa saba mbele yetu."

"Kushoto. Kuna watu sijawaaga."

"Nani?"

"Mwokaji na mkewe."

"Hukuwaaga walipohama?"

Alimwambia. Alianza na chai na mita ya umeme, akapita kwenye ngazi ya nne, akafika kwenye balbu, na kwenye redio. Hakujitetea popote. Binti aliegesha kando ya barabara kwa sababu alishindwa kuendesha.

"Uliniambia walikubali."

"Nilikuambia."

"Mimi ndiye niliyesema wapelekewe ile karatasi! Nikijua wamejiandaa miezi mitatu! Watu wenye watoto, Baba, siku saba! Watakuwa wananionaje?"

"Hawakuoni wewe. Wananiona mimi."

"Kwa nini hukusema?"

Mzee alifikiri. Malori yalipita, gari likatikisika. "Niliona haya," alisema. "Halafu nikaona haya kwamba niliona haya. Siku zikaenda."

Binti alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele. Kisha akawasha taa ya kushoto.

Ilikuwa saa tano asubuhi walipofika nyuma ya gereji. Binti alibaki amesimama karibu na gari. Mzee alitembea koridoni peke yake, akagonga, na mlango ulipofunguliwa hakusubiri hata salamu, maana alijijua.

"Sikuwa nimelala," alisema. "Nilikuwa ndani. Nilikusikia, mara zote mbili. Na miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimetumwa niwaambie, nikaogopa. Nikasema nimewaambia."

Mke wa Mwokaji alisimama na mkono kwenye fremu ya mlango. Hakuonyesha mshangao. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu, miezi mitatu, na nini kingeweza kufanyika ndani yake: shule isiyobadilishwa, chumba kilicho karibu na tanuri.

"Miezi mitatu," alisema.

"Mitatu."

"Mume wangu anarudi saa nane," alisema baadaye. "Hilo umwambie na yeye. Mimi sitambebea."

"Nitamsubiri."

Hakumkaribisha ndani. Aliingia, akatoka na kiti cha plastiki, akakiegemeza ukutani, nje. Akamwona binti kule kwenye gari.

"Na binti yako?"

"Amekuja kunichukua. Tunasafiri."

"Kiti kingine hatuna," alisema. Aliinua ndoo iliyokuwa karibu na mlango, akamwaga maji yaliyobaki, akaipindua, akaiweka kando ya kiti. Kisha akarudi kwenye nguo zake.

Mzee alimwita binti yake kwa mkono. Alipofika, akampa kiti, yeye akakaa kwenye ndoo, wakasubiri.